Shingo ya Fundi Dari

Siku skrubu zilipoanza kumponyoka, Fundi alidhani ubovu uko kwenye skrubu. Alikuwa juu ya jukwaa la mabomba katika ukumbi wa benki mpya, kichwa amekilaza nyuma kama mtu anayetiwa dawa ya macho, ubao wa jipsamu ameuegemeza utosini, na kila akichota skrubu kwenye mfuko wa aproni, vidole vilirudi vitupu. Skrubu zikamwagika sakafuni. Wenzake waliokuwa chini wakamtania kwamba leo anapanda mahindi. Alicheka nao, akabadilisha mkono, akaimalizia dari kwa mkono wa kushoto. Aliposhuka, moto ulikuwa unatembea kutoka begani hadi kwenye kidole gumba, na kidole chenyewe alikiona kama cha mtu mwingine.

Alikuwa mtu wa kutazama juu. Watu wengi huhama nyumba bila kujua dari yao ilikuwa na rangi gani; yeye akiingia kwa mtu, hata msibani, anatazama dari kwanza ndipo anatoa pole. Mkewe alikuwa akimfinya kiunoni. "Salimia watu," humnong'oneza, "dari haitakimbia." Lakini dari ndizo zilizomlisha tangu ujana, na alikuwa akiona humo mambo ambayo mwenye nyumba hayaoni: kiungio kilichopigwa ovyo, skrubu iliyozama mno, fundi aliyekuwa na haraka ya kwenda kula.

Mkewe alikuwa mtu wa kusikiliza. Alifanya kazi katika chumba cha simu cha kampuni ya bima ya afya, na kwa jinsi alivyozungumza taratibu, kwa upole usioisha, kazini walimwita Sauti. Watu walipiga simu wakiwa wamefura: kadi imegoma hospitalini, mtoto kanyimwa miwani, mzee kaambiwa dawa yake haimo. Yeye alisema, "Nakuelewa kabisa, baba. Naomba unisubiri kidogo," na mtu akasubiri. Ni kazi hiyo iliyompa Fundi kadi ya bima, yeye ambaye hakuwahi kuajiriwa na mtu, na aliwaonyesha mafundi wenzake kadi ile kama kijana anayeonyesha picha ya mchumba.

Fundi alimeza dawa za maumivu za dukani mpaka tumbo likalalamika. Ndipo mkewe alipomshika mkono, ule wenye ganzi, akampeleka kwa bingwa wa uti wa mgongo.

Bingwa alikuwa mwanamke mrefu asiye na maneno mengi. Aliweka picha ya shingo ya Fundi kwenye kioo chenye taa, akaonyesha kwa ncha ya kalamu.

"Kati ya pingili na pingili kuna diski, kama mto mdogo. Zako mbili zimepasuka, zimetokeza nyuma. Zinabana mshipa unaokwenda mkononi. Na hapa, unaona, zimeanza kuusogelea uti wenyewe."

"Ni dari?" Fundi akauliza.

"Dari, umri na bahati mbaya. Siwezi kukugawia fungu la kila kimoja."

Akawaeleza njia mbili. Ya kwanza, kuziondoa diski mbovu na kuziunganisha pingili kwa bamba na skrubu.

"Skrubu!" Fundi akatabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Kumbe utanipiga dari ya shingo."

"Karibu hivyo. Lakini pale nitakapounganisha hapatacheza tena. Utainua kichwa, ila si kwa namna kazi yako inavyotaka. Na pingili za jirani zitabeba kazi ya wenzao, nazo zitachoka mapema." Akafungua droo, akamwekea kiganjani kitu kidogo cha chuma, bapa, kama kifuniko cha chupa chenye moyo laini ndani. "Njia ya pili ni hii. Diski ya bandia. Inakaa mahali pa ile mbovu na inacheza. Kwa shingo yako, na kwa kazi yako, mimi ningeweka hizi mbili."

Fundi aliikandamiza kwa kidole gumba cha mkono mzima. Iliinama, ikarudi. Akaikandamiza tena. Alikuwa na uso wa mtu aliyeshikishwa funguo za nyumba.

"Bima yenu inabidi itoe kibali kwanza," bingwa akasema. "Wakati tunasubiri, nisikilizeni vizuri. Mkono ukiuma, tunavumilia. Lakini mguu ukianza kuwa mzito, akianza kujikwaa, au vifungo vya shati vikaanza kumshinda, msisubiri kibali cha mtu yeyote. Njooni siku hiyohiyo."

Wote wawili waliitikia kwa kichwa, Fundi kwa shida.

Jibu la bima lilikuja kupitia kwa katibu wa bingwa, aliyempigia Sauti simu wakati wa mapumziko ya mchana. Sauti alikuwa amesimama kwenye ngazi za dharura, mahali ambapo wafanyakazi wa chumba cha simu hujificha kuongea mambo yao. Kampuni imekataa diski mbili za bandia. Diski moja ingelipiwa. Mbili kwa mpigo bado zinahesabiwa matibabu ya majaribio. Ila kuunganisha pingili kumekubaliwa, hata kesho.

Sauti aliyajua maneno yale. Alikuwa ameyasoma kwenye kioo cha kompyuta na kuwasomea watu wengi kwa sauti ile ile iliyompa jina. Hakuwahi kuyasikia yakija upande wake. Alishuka ngazi, akapanda, akashuka tena, kisha akarudi kwenye kiti chake kwa sababu mapumziko yalikuwa yamekwisha.

Nyumbani Fundi alimsikiliza hadi mwisho huku akijikanda bega.

"Basi tuchukue hicho walichokubali," akasema. "Mimi huu moto umenichosha. Waunganishe."

"Na dari?"

"Dari nitazitazama kwa kioo, kama dereva."

"Usinitanie."

"Sikutanii, mke wangu. Nataka kulala."

Sauti akavuta kiti, akakaa mbele yake, magoti yakagusana. "Nisikilize. Mimi nawajua hawa. Hapana yao ya kwanza ni ya kumpima mtu. Wengi wanasikia hapana wanakwenda zao. Wachache wanakata rufaa, na hao wachache, daktari wao akikomaa, mara nyingi wanapewa. Nimeyaona kwa macho yangu. Tukikubali kuunganishwa leo, ndiyo basi, hakuna kurudi nyuma. Tukisubiri kidogo, utarudi jukwaani."

Fundi alimtazama. Miaka yote ya ndoa yao yeye ndiye aliyekuwa na la kusema kuhusu nyumba, mafundi, wenye maduka ya vifaa. Mambo ya ofisi alimwachia mkewe, kama mtu anayempa mwenzake usukani kwenye barabara asiyoijua.

"Hao ni watu wako," akasema mwishowe. "Ukisema tusubiri, tunasubiri. Nimekubali shingo upande." Akacheka peke yake. "Na kuanzia leo kila kitu nitakikubali shingo upande."

Rufaa ikapelekwa. Bingwa aliandika kurasa kadhaa. Kampuni ikajibu kwamba imepokea. Kisha ikawa kimya, ule ukimya ambao Sauti alikuwa amefundishwa kuuita "linashughulikiwa".

Mwenye kuamua alikuwa daktari mmoja wa kampuni, aliyekaa ghorofa ya juu. Chumba cha simu kilimpa jina la Bwana Hapana, ingawa wengi hawakuwahi kumwona. Kanuni ya kazi ilikataza mfanyakazi kugusa jambo la ndugu yake, sembuse kumfuata daktari. Sauti alipiga moyo konde. Siku moja alimkuta kantini amekaa peke yake mezani, anamenya yai la kuchemsha kwa uangalifu mkubwa.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, dada. Karibu." Akasogeza sahani kumpisha nafasi, kisha akamtazama vizuri. "Hiyo sauti naijua. Ndiyo inayojibu nikipiga namba yetu."

"Kuna mgonjwa wa shingo, daktari. Fundi wa dari. Diski mbili."

Daktari aliliweka yai chini. "Dada, usiendelee."

"Ni mume wangu."

"Ndiyo maana nakwambia usiendelee. Nikikusikiliza, wewe huna kazi na mimi sina kazi."

"Angekuwa na diski moja mbovu, mngelipa."

"Tungelipa."

"Kwa hiyo angeumwa nusu, mngemtibu mzima. Kwa vile anaumwa mzima, mnamtibu nusu."

Daktari hakuwa na sura ya jina lake la utani. Alikuwa mzee mwenye miwani iliyoungwa kwa gundi, na kola ya shati lake ilikuwa imeliwa ukingoni.

"Mwongozo sikuuandika mimi," akasema. "Na hao walioandika hawakukurupuka, kuna watu waliwekewa vitu mwilini kabla havijajulikana, wakaja kulia hapa. Lakini mambo yanabadilika, hilo sikatai." Akainama mbele, akashusha sauti. "Mwambie bingwa wake anipigie yeye mwenyewe. Asinitumie katibu. Aniletee watu waliowekewa mbili na jinsi wanavyoendelea. Nitausoma ushahidi wake. Hilo nakuahidi. Sasa nenda, hujaongea na mimi."

Sauti alitoka kantini akiwa mwepesi kama ametua gunia. Jioni ile alimsimulia mumewe neno kwa neno, hadi yai. "Atausoma! Kaahidi! Unajua ni wangapi wanaahidiwa na Bwana Hapana?" Fundi akatabasamu, akasema mke wake angeweza kumwuzia samaki maji.

Hakumwambia kwamba asubuhi ile ndala ya mguu wa kulia ilikuwa imemvuka akiwa anatembea sebuleni, na hakujua imemvuka hadi alipoiona nyuma yake.

Bingwa na daktari wa kampuni wakaanza kutafutana. Huyu akipiga, yule yuko chumba cha upasuaji. Yule akipiga, huyu yuko kikaoni. Kisha daktari wa kampuni akaenda likizo, na aliyemshikia nafasi hakutaka kugusa jambo ambalo hakulianza. Sauti akajifunza jina la kila katibu. Akapigwa danadana na watu waliokuwa wakimwita mwenzao, na kila jioni akarudi na neno dogo la matumaini: wiki hii, bila shaka wiki hii.

Kwa kuwa Fundi hakuweza tena kuinua sufuria, dada yake mkubwa alikuja kukaa nao. Wifi huyu alikuwa mjane, mnene, mwenye kelele, na aliwalea wadogo zake wote kwa mdomo huo huo. Alimkuta mdogo wake amekonda, akamtania kwamba sasa anaweza kumtandika bila kumkimbiza. Lakini alikuwa na macho. Hazikupita siku nyingi akamwona akijikwaa kwenye sakafu tupu. Akamwona akikaa kitandani na shati, kifungo kikimtoka kwenye vidole, akikirudia, kikimtoka, mpaka akavua shati akavaa fulana.

"Mkeo anajua?" akamwuliza.

"Anajua mkono unauma."

"Nakuuliza mguu."

Fundi akashusha pumzi. "Dada, ukimwambia, ataacha kupigana. Watanikimbiza leo leo, watanipiga bamba, na hapo ndiyo mwisho wangu. Amebakiza kidogo tu. Huyo daktari kaahidi. Unataka nimwambie aache sasa?"

"Nataka usianguke."

"Sitaanguka. Nimekaa juu ya majukwaa maisha yangu yote, nitaanguka sebuleni?" Kisha akamwita kwa jina lake la utotoni, lile ambalo mama yao tu alilitumia, na wifi mtu, aliyekuwa na jibu kwa kila kitu, akaokota ufagio. Hakumwambia Sauti. Kuanzia siku hiyo alimfuata nyuma kila anapokwenda, akijifanya anafagia.

Hakuweza kumfuata bafuni.

Ilikuwa asubuhi, Sauti yuko kazini, hedifoni masikioni, anamsikiliza mwanamke aliyelalamika kwamba jina la mtoto wake limekosewa kwenye kadi. Alikuwa anasema, "Nakuelewa kabisa, mama," msimamizi alipomgusa bega. Hakuwa na kawaida ya kumgusa mtu. Sauti akaona simu yake mwenyewe, ile anayomwachia wakati wa zamu, mkononi mwa msimamizi, na kutoka kwenye simu ile, hata kabla hajaishika, akasikia mlio wa wifi yake. Alivua hedifoni. Yule mteja aliendelea kuongea peke yake, kwa sauti ndogo, mezani.

Mguu wa kulia haukuinuka kwenye kizingiti cha bafu. Ni hilo tu. Fundi alikwenda mbele, kidevu kikagonga ukingo wa sinki, kichwa kikarushwa nyuma. Wifi alimkuta amelala chali akitazama juu, macho wazi, akili timamu. "Dada," alisema, "siioni mikono yangu iko wapi." Mikono ilikuwa hapohapo juu ya kifua chake, imelala.

Hospitali walimfunga shingo kwa kola ngumu. Bingwa alitoka chumba cha picha na barakoa imening'inia sikioni. Hakuzungusha maneno.

"Uti umejeruhiwa. Naingia naye sasa hivi. Nitaunganisha pingili, mbele na nyuma."

"Na zile diski?" Sauti aliuliza, na hata yeye alishangaa kusikia neno hilo likimtoka.

"Mama, diski ya bandia inahitaji shingo iliyotulia. Hii imelegea. Haimfai tena." Kisha akauliza, bila ukali, "Mguu ulianza lini?"

"Mguu gani?"

Bingwa alimtazama, akamtazama wifi, akaondoka.

Wakabaki wawili kwenye benchi la korido. Ukutani palikuwa na bango la kunawa mikono. Wifi alikuwa amekuja na khanga moja na viatu visivyofanana. Alianza polepole, kisha akapaza sauti.

"Walimpa tiba. Walisema hata kesho. Nani alisema asubiri? Nani? Wewe na bima yako! Subiri, subiri, nawajua hawa! Ulikuwa unashindana na mabosi zako kwa shingo ya ndugu yangu!"

Muuguzi alichungulia, akafunga mlango. Sauti alikuwa anaangalia viatu vya wifi yake, cheusi na cha kahawia, na alitamani aendelee kupigwa na maneno, kwa kuwa yalikuwa na mwisho. Lakini wifi akakata katikati. Uso ukamvurugika kama wa mtoto.

"Na mimi niliona," akasema. "Niliona mguu. Aliniomba nisiseme, nikanyamaza. Mimi, wifi, ambaye sinyamazi hata kanisani."

Ndipo Sauti alipoelewa swali la bingwa. Alinyanyuka, akaenda hadi mwisho wa korido, akaweka paji la uso kwenye kioo cha dirisha. Chini yake watu walikuwa wanaegesha magari. Hakulia. Aliporudi alivua viatu vyake mwenyewe, akampa wifi avae, akakaa miguu mitupu.

Simu yake ililia alasiri, Fundi bado yuko ndani. Namba ilikuwa ya kazini. Akadhani ni msimamizi anauliza hali, akapokea.

"Habari za leo, mpendwa mteja," ikasema sauti changa ya kike. Alikuwa binti mgeni wa chumba cha simu, aliyekaa meza ya tatu kutoka kwake, na aliyefundishwa kazi na Sauti mwenyewe. Hakuwa amejua anampigia nani. Mbele yake palikuwa na namba tu. "Tunayo furaha kukujulisha kwamba rufaa yenu kuhusu upasuaji wa kubadilisha diski mbili imekubaliwa. Kibali kinaanza leo. Je, kuna jambo jingine ninaloweza kukusaidia?"

Alikuwa ameshusha pumzi mahali panapostahili. Alikuwa ameweka tabasamu kwenye neno furaha, kama alivyofundishwa.

"Hapana," Sauti akasema. "Umesema vizuri."

"Dada Sauti? Ni wewe? Jamani, dada! Kumbe ni shemeji! Hongera!"

"Asante, mdogo wangu. Endelea na kazi."

Upasuaji wa dharura bima ililipa wote, bila kuuliza neno. Na ulikuwa mkubwa kuliko wowote waliokuwa wamebishania.

Fundi alikaa hospitali hadi wauguzi wakaanza kumwita baba mkwe. Miguu ilirudi kwanza, mmoja ukiburuta kidogo. Mikono ilikawia. Ilirudi kuanzia mabegani, ikashuka kwenye viwiko, ikaishia karibu na vifundo, kama maji ya bomba yasiyofika nyumba za mwisho. Vidole vilibaki vimejikunja. Mtaalamu wa mazoezi alimpa mpira laini aukandamize. Fundi aliuangalia mpira, mpira ukamwangalia.

Siku ya kurudi nyumbani, Sauti alikuwa anamvalisha shati. Alifika kifungo cha pili.

"Siku ile nilitaka tuchukue walichokubali," Fundi akasema. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayekumbusha bei ya kitu.

Mikono ya Sauti ikasimama.

"Najua."

"Nilitaka kulala tu. Nikakusikiliza."

"Najua, baba. Mimi ndiye niliyesema tusubiri."

"Na mimi ndiye niliyeficha mguu. Ungejua, ungenileta." Akatafuta namna ya kumtazama, lakini shingo sasa ilikuwa haigeuki, ilibidi ageuke mwili mzima, mabega na kiuno, kama kabati linalosogezwa. "Sijui tugawane vipi."

"Tusigawane leo," akasema Sauti.

"Siyo leo. Lakini ujue kwamba kuna siku nakuwa na hasira na wewe. Ninakuwa nimelala pale, natazama ile dari yao mbaya, nakuwa na hasira na wewe hadi naogopa. Kisha inapita. Halafu inarudi."

Alimfunga vifungo vilivyobaki, hadi cha kola. "Ikirudi uniambie," akasema. "Usinifiche tena kitu."

Sauti alirudi kazini kwa kuwa kadi ya bima ilikuwa ni ya kazi ile, na sasa waliihitaji kuliko zamani. Alimweleza msimamizi kwamba hapendi tena kuitwa Sauti, lakini jina likishakaa halitoki. Kuna wateja aliokuwa akiwaambia kitu kisichokuwa kwenye maelezo ya kazi. Mtu akisema amekataliwa hiki akapewa kile, alikuwa akiuliza: "Daktari wako anasema unaweza kusubiri? Mwulize leo. Mwulize kila wiki." Wengine walishukuru. Wengine walisema hawakupiga simu kuulizwa maswali.

Siku moja lifti ilisimama ghorofa ya pili na ndani alikuwamo yule daktari mzee, peke yake, na bahasha kwapani. Alimtambua.

"Dada! Yule mgonjwa wa dari. Nilirudi likizo nikausoma ushahidi wote aliouleta bingwa, sikuinuka kitini. Nilisaini siku hiyohiyo." Alikuwa na furaha ya kweli, furaha ya mtu ambaye kazi yake humpa furaha mara chache. "Anaendeleaje na diski zake?"

Sauti akamwambia. Hakupunguza wala hakuongeza: mguu, kizingiti, sinki, mikono. Mlango wa lifti ulikuwa unajaribu kufunga, unagonga bega lake, unafunguka.

Daktari alivua miwani. "Lakini mimi nilikubali," akasema.

"Ndiyo, daktari. Ulikubali."

"Nilikubali," akarudia, taratibu, kama mtu anayepapasa mfuko ambao alikuwa na hakika mna kitu ndani. Sauti akatoka kwenye mlango. Lifti ikafunga, ikapanda na mzee wake.

Jioni, nyumbani, wifi alikuwa ameandaa supu. Kijiko cha Fundi kilikuwa na mpini uliofungwa sponji na utepe wa gundi ili unenepe, kazi ya wifi. Sauti alikaa karibu naye, akanyoosha mkono kukichukua, kama walivyozoea.

"Acha," Fundi akasema.

Alikibana kijiko baina ya viganja viwili. Kwa kuwa kichwa hakikuweza kuinama, ilibidi akiinue hadi usawa wa uso, mikono yote miwili ikipanda pamoja, viwiko vikiwa nje. Nusu ilimwagika mezani. Nusu ya nusu ikamwagika kifuani. Kilichofika alikimeza, akapumzika, akashusha mikono, akaanza tena. Wifi aligeukia jiko akajifanya anakosha kitu. Sauti alibaki pale pale, mikono mapajani, akimwangalia, na supu ikapoa muda mrefu kabla bakuli halijaisha.